Maswali na Majibu: Farasi wa Karibu Tani Moja Ndani ya Trela

Barua za mara hii karibu zote zimetoka kwa wenzetu wanaofanya kazi kwenye mazizi ya Marekani, Kanada na Uingereza, wanaohudumia Belgian, Percheron, Clydesdale na Shire, aina za farasi wakubwa wa kukokota. Anayemshika farasi wa aina hiyo kila asubuhi hahitaji kuelezwa ukubwa wake, kwa hiyo naingia kwenye maswali moja kwa moja.

Pikapu yangu inavuta kilo 4,500. Trela ni ya farasi wawili, ina ekseli mbili. Nina Belgian wawili, ila bosi hataki niwapakie wote kwa pamoja. Ana haki? (Ohio)

Ana haki, tena mshukuru. Umesoma namba ya gari ukaacha ya trela, na hilo ndilo kosa linalojaa kwenye barua zenu. Pikapu kuweza kuvuta ni jambo moja, trela kuweza kubeba ni jambo lingine. Trela nyingi za farasi wawili zinazouzwa huko zina ekseli mbili za ratili 3,500 kila moja, yaani jumla ya kilo 3,175 hivi, na uzito wa trela yenyewe umo humo humo. Fanya hesabu: trela tupu kilo 1,400, farasi mmoja 900, mwingine 950. Tayari ni 3,250. Hujaweka maji, nyasi kavu wala lijamu na mikanda ya kukokotea, ambayo kwa farasi wa saizi hiyo si mizigo ya kubeba kwa mkono mmoja. Umevuka kiwango kabla hujawasha injini. Kinachofuata ni tairi kupata moto na kupasuka, springi kulala, na breki zilizotengenezewa mzigo mdogo kushindwa kwenye mteremko. Wawili hao watafutie trela yenye ekseli za ratili 5,200 au zaidi.

Namba ya kuamini imo kwenye kibati cha trela, na uzito wa kuamini ni wa mizani. Ile tepu ya kupimia farasi wa kupanda haifai, maana kwa hawa hudanganya au huisha kabla ya kuzunguka kifua. Huna mizani? Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua cha 230 na urefu wa 195 vinakupa kilo 868. Hayo ni makadirio. Ukishapakia, pita kwenye mizani ya malori iliyopo kwenye vituo vya barabara kuu, uone ekseli za trela zinabeba nini.

Na kwa kuwa umegusa mambo ya kuvuta, nitaongeza ambayo hukuuliza. Mpira wa chuma wa nyuma ya gari uwe saizi ile ile iliyogongwa kwenye kichwa cha trela, yaani kile kinachofunika mpira huo. Kichwa cha inchi 2 na 5/16 kitakaa juu ya mpira wa inchi 2, kitajifunga, kitaonekana kiko sawa, halafu kitachomoka kwenye tuta la kwanza kubwa. Ukishafunga, inua kichwa cha trela kwa jeki yake mpaka matako ya gari yaanze kunyanyuka. Kikishika hapo, kimeshika. Minyororo ipishane chini ya kichwa. Waya wa breki ya dharura, ule unaochomoa pini ili breki za trela zishike ikichomoka kwenye gari, ufungwe kwenye gari lenyewe, usiunganishwe na mnyororo, kwa sababu mnyororo ukikatika waya nao hautavutwa na trela itaondoka bila breki. Betri ya breki hiyo ijaribu gari likiwa limesimama: chomoa pini, sogea mbele taratibu, magurudumu ya trela yagome. Kisha irudishe pini mara moja usije ukaimaliza betri.

Farasi wa viganja 18 anaingia kwenye trela ya futi 7? (Pennsylvania)

Kuingia ataingia. Kusafiri, hapana. Viganja 18 ni sentimita 183, na hapo tumepima begani tu. Futi 7 ni sentimita 213. Akiinua kichwa kwa hofu, utosi unapita hapo kwa mbali, na farasi aliyegonga utosi mara moja atakataa trela kwa miezi. Mtafutie futi 7 na nusu kwa uchache, 8 ni bora zaidi.

Muuzaji atakutajia urefu wa ndani. Wewe pima mlango. Boriti ya juu ya mlango huwa chini kuliko paa, na farasi hugonga wakati wa kupanda na wa kushuka kinyumenyume, hajeruhiwi akiwa amesimama katikati. Upana wa mlango nao upime, kwa kuwa nyonga za Percheron aliyeshiba huparuza pande zote mbili. Urefu wa sehemu ya kusimama, kutoka chuma cha kifuani hadi chuma cha nyuma, uwe futi 8 au zaidi. Farasi aliyebanwa kati ya vyuma hivyo viwili hawezi kupiga hatua kujisawazisha gari linapofunga breki.

Zile trela zenye vizuizi vya mshazari zinafaa kwa Clydesdale? (Ontario)

Hazifai. Mshazari wa trela yenye upana wa futi 6 au 7 haumtoshi kwa urefu, atasafiri shingo imekunjwa na matako yamekandamizwa. Toa vizuizi vyote ubaki na uwazi, au tumia trela ya mifugo.

Shire wangu anatapatapa na kupiga ukuta kila tukikata kona ya kushoto. Nimfunge kamba fupi zaidi? (Yorkshire)

Usithubutu. Farasi hujisawazisha kwa kutanua miguu na kwa kusogeza kichwa na shingo. Ukifupisha kamba, umemnyang'anya kimoja. Cha kwanza naamini kizuizi cha kati kimekwisha mnyang'anya: kama kinashuka hadi sakafuni, ukwato hauna pa kukanyaga nje ya mstari wa mwili. Anapohisi anaanguka anaegemea kizuizi, miguu inateleza, anapanda ukuta kwa kwato. Weka kizuizi kinachoishia usawa wa tumbo, au kitoe kabisa asafiri peke yake, lakini vyuma vya kifuani na nyuma viwe vya upana mzima.

Kisha jitazame wewe dereva. Kona ipunguzie mwendo kabla hujaiingia, si ukiwa ndani yake, na usikanyage mafuta mpaka trela yote imenyooka. Anayetapatapa upande mmoja tu mara nyingi ana maumivu ya mguu au mgongo, kwa hiyo daktari wa mifugo amwangalie.

Farasi akiwa mmoja asimame upande gani?

Upande wa dereva. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni, na uzito ukikaa pembeni trela inavutwa kwenye mtaro. Marekani ni kushoto. Uingereza, Kenya na Tanzania ni kulia. Wakiwa wawili, mzito akae upande huo huo. Swali hili linarudi kila msimu, tafadhali likateni mlibandike kwenye ukuta wa zizi.

Sakafu ya trela yangu ni ya mbao na juu ina mikeka ya mpira, inaonekana safi. Niikague kila baada ya muda gani? (Wisconsin)

"Inaonekana safi" maana yake umeangalia mikeka. Mkeka ndio unaoficha ugonjwa. Mkojo unapita kwenye maungio, unakaa chini yake bila kukauka, na mbao inaoza kuanzia upande usiouona. Sakafu ya alumini nayo huliwa na mkojo huo huo, utaona unga mweupe na vishimo vidogo.

Kila baada ya safari toa mavi, inua mikeka, osha, acha pakauke mpaka ndani ya maungio. Angalau mara mbili kwa mwaka fanya ukaguzi wa kweli: mikeka yote nje, chukua bisibisi kubwa, uchome kila ubao, hasa kwenye ncha, kuzunguka misumari na pale miguu ya nyuma inaposimama. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo umekufa. Kisha lala chini ya trela na tochi. Angalia vyuma vinavyopita kukingama chini ya mbao: kutu ya juu juu isugue na uipake rangi, lakini kutu inayomenyuka kwa mabamba ukigonga na nyundo ni ya kumwita fundi wa kuchomelea siku hiyo hiyo, na trela isisogee.

Kwa farasi wakubwa jambo hili lina uzito wa pekee. Farasi wa kilo 900 anapohamisha mwili kwenye kona, sehemu kubwa ya kilo hizo inatua kwenye kwato moja au mbili. Ubao uliovumilia farasi wa kupanda kwa miaka unavunjika chini ya huyu, mguu unapita, na lami iko hapo chini huku gari likikimbia na dereva hasikii kitu. Farasi wa namna hiyo ni nadra kupona. Ubao wa kubadilisha ni pesa kidogo mno kulinganisha na hilo, na kama bosi wako anakataa kuutoa, kataa kupakia.

Nilimfunga farasi, nikageuka kwenda kufunga nyuma, akavuta hadi akakata hatamu na kuanguka nje. Kamba ilikuwa mbovu? (Alberta)

Kamba haina kosa, mpangilio ulikuwa mbovu. Kupakia: mwingize, mwenzako amshike kamba mkononi bila kufunga, chuma cha nyuma kifungwe, mlango ufungwe, ndipo kichwa kifungwe kupitia dirisha au mlango wa mbele. Kushusha: kichwa kifunguliwe kwanza, kamba iwe mkononi, ndipo mlango, na chuma cha nyuma kiwe cha mwisho. Farasi aliyefungwa kichwa na nyuma pako wazi anarudi nyuma, anahisi kuvutwa, anaingiwa na hofu, na kilo 900 zenye hofu hazizuiliki kwa kamba yoyote. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Hatamu iwe na sehemu ya ngozi inayoweza kukatika, kwani ya nailoni tupu haikatiki, shingo ndiyo inayoumia. Na anayefunga chuma cha nyuma asisimame nyuma ya matako wala nyuma ya daraja la kupandia, asimame pembeni.

Rafiki amenipa dawa ya kumtuliza farasi safarini. Nimpe kiasi gani?

Sifuri. Aliyetulizwa hawezi kujisawazisha, na farasi wakubwa wa kukokota hulewa kwa dozi ndogo kuliko farasi wengine wakilinganishwa kilo kwa kilo. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona farasi mwenyewe.

Tunawapeleka Belgian watatu kutoka Kentucky hadi Minnesota. Tusimame mara ngapi, na tuwape nini? (Kentucky)

Simama kila saa tatu au nne, nusu saa nzima, kivulini, injini imezimwa. Usiwashushe kando ya barabara kuu. Wape maji kila kituo, na yawe ya nyumbani kwenye madumu, kwa sababu wengi hukataa maji yenye harufu ngeni na farasi asiyekunywa anaelekea kwenye msokoto wa tumbo. Nyasi kavu zilowesheni kidogo zisitoe vumbi, wavu ufungwe juu kiasi ukwato usinaswe.

Kichwa kinahitaji kushuka. Farasi anayesafiri saa nyingi kichwa juu hawezi kukohoa uchafu utoke kwenye koo la hewa, bakteria wanatelemka mapafuni, na siku mbili baadaye unaona homa. Kwa hiyo kwenye kila kituo legeza kamba ainamishe kichwa hadi chini. Mkifika, pima joto la mwili asubuhi na jioni kwa siku tatu. Likipita nyuzi 38.6, piga simu kwa daktari usingoje kikohozi.

Madirisha ya hewa yawe wazi hata kwenye baridi. Miili mitatu ya saizi hiyo inatoa joto na mvuke mwingi, na blanketi ndani ya trela iliyofungwa ni kuwapika.

Kingine kinachowahusu Belgian na Percheron hasa: wengi wao hurithi ugonjwa wa misuli unaoitwa PSSM. Safari ni kazi ya misuli kwa saa zote hizo. Mkishusha farasi mkamwona anatetemeka mapaja, anatoka jasho bila sababu, hatua fupi ngumu, au mkojo una rangi ya kahawa, msimtembeze "alainike". Mwacheni asimame, mpeni maji, mwiteni daktari. Siku ya safari msiwape nafaka. Na safari hiyo igawanyeni mara mbili, walale kwenye zizi njiani.

Nifunge bandeji miguu yenye manyoya marefu?

Kama hujui kuifunga ikae, usifunge. Bandeji iliyolegea hushuka kwenye kwato, farasi anaikanyaga na kujikwaa mwenyewe.

Leseni yangu ni ya gari dogo. Naruhusiwa kuvuta trela ya Shire Uingereza? (Lincolnshire)

Tangu Desemba 2021 mwenye leseni ya gari dogo anaruhusiwa trela ya hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Huo ni uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati, na gari lako nalo lina kikomo chake, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko hapo. Pasipoti ya farasi isafiri naye. Kama unalipwa kwa kazi hiyo na safari inazidi kilomita 65, unahitaji kibali cha msafirishaji. Ikizidi saa nane, kibali ni cha daraja lingine. Na kabla hujampakia farasi yeyote, tafuta uwanja mtupu ujifunze kurudi nyuma na trela tupu mpaka uweze kuiingiza mahali unapotaka bila mtu kukuelekeza.