GNU Radio na PyTorch kwenye kompyuta moja: tenganisha kwanza, unganisha baadaye

Anayeanza kufunza modeli itambue mawimbi ya redio hujiandaa kupambana na mawimbi na hesabu, lakini siku za mwanzo humwishia kwenye usakinishaji. GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi ya redio kwenye kompyuta, inafanya kazi vizuri, anaongeza maktaba za ujifunzaji wa mashine kama PyTorch, kisha `import gnuradio` inagoma. Chanzo kikifahamika, karibu matatizo yote ya aina hii yanazuilika.

GNU Radio unayoipata kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu) imejengwa kwa Python ya mfumo na kwa toleo lake la NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Kwenye Ubuntu 24.04 hizo ni Python 3.12 na NumPy 1.26. Kazi nzito iko ndani ya C++, na moduli za Python zimefungwa kwenye matoleo hayo. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024 ilibadilisha mpangilio wake wa ndani, hivyo moduli iliyojengwa kwa 1.x huweza kukataa kupakiwa. Nayo pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ukiiachia, huvuta NumPy mpya kabisa bila kujali redio yako.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: redio ibaki kwenye Python ya mfumo, modeli ikae kwenye mazingira yake (folda yenye maktaba zake pekee), na data ipite kati yao kwa faili au kwa ZMQ, njia ya programu mbili kutumiana data.

Anza na redio, hapa kifaa cha USB cha RTL-SDR, na usiguse kitu kingine mpaka ikubali:

sudo apt install gnuradio gr-osmosdr rtl-sdr
rtl_test -s 2400000

Ukiona `usb_claim_interface error -6`, kerneli (kiini cha Linux) imekichukua kifaa chako. Chipu yake ya RTL2832U ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na Linux bado inaiona hivyo. Andika mstari `blacklist dvb_usb_rtl28xxu` kwenye faili /etc/modprobe.d/zuia-rtl.conf, kisha washa kompyuta upya. Kosa la namba -3 ni la ruhusa: tekeleza `sudo usermod -aG plugdev $USER`, toka na uingie tena, chomoa kifaa na ukichomeke upya. Usizoee kuendesha redio kwa sudo. Faili zitakuwa mali ya root, na mazingira yako ya Python hayataonekana.

Acha rtl_test iende dakika kadhaa. Ikiendelea kuripoti baiti zilizopotea, ondoa kigawanya USB na waya wa kurefusha, chomeka moja kwa moja. Chipu hukubali hadi sampuli milioni 3.2 kwa sekunde, lakini juu ya milioni 2.4 kupotea kwa sampuli ni jambo la kutarajia.

Sasa rekodi sekunde 10 za kituo cha FM cha karibu nawe, hapa tukichukua 98 MHz:

rtl_sdr -f 98000000 -s 2400000 -g 30 -n 24000000 kituo.bin

Kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo faili lazima liwe na baiti 48,000,000. Likipungua, kuna sampuli hazikufika. Dakika moja ya rekodi hii ni megabaiti 288. Ukihifadhi kutoka GNU Radio kwa namba changamano za kawaida, kila sampuli hula baiti 8 na dakika hiyo hiyo inazidi gigabaiti 1.1. Kwa kukusanya data ya mafunzo, faili ghafi linatosha.

Mazingira ya modeli yanafuata:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/modeli
source ~/modeli/bin/activate
pip install numpy pyzmq
pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu

Anwani hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwa anayetumia bando: toleo la CPU ni takriban megabaiti 200, ilhali lile la kadi za NVIDIA, pamoja na maktaba zake, hupita gigabaiti 2. Pip ikikujibu `externally-managed-environment`, maana yake hujawasha mazingira yako. Utashauriwa utumie `--break-system-packages`. Usitumie; redio yenyewe inategemea hiyo Python unayotaka kuivuruga.

Kulisoma faili kuna mtego ambao hautoi kosa lolote. Ukisoma kituo.bin kama complex64 (namba changamano za baiti 8) utapata namba, na modeli itajifunza takataka. Faili lina namba za 0 hadi 255, I na Q, sehemu mbili za kila sampuli, zikipokezana:

x = np.fromfile("kituo.bin", dtype=np.uint8).astype(np.float32)
iq = ((x[0::2] - 127.5) + 1j * (x[1::2] - 127.5)) / 127.5

Ukitaka data ya moja kwa moja, weka ZMQ PUB Sink, bloku (kipande cha mfumo) ya kutuma data, kwenye GNU Radio, anwani tcp://127.0.0.1:5555, na Pass Tags ikiwa imezimwa. Upande wa modeli fungua soketi ya SUB, ya kupokea, jiandikishe kwa `b""`, kisha soma kwa `np.frombuffer(ujumbe, dtype=np.complex64)`. Modeli ikiwa nzito, PUB hutupa sampuli kimyakimya. Punguza kasi kabla ya kutuma: kituo kimoja cha FM kinatoshwa na sampuli 240,000 kwa sekunde.

Kuziweka pamoja kunahitajika pale tu modeli inapokaa ndani ya bloku ya Python. Hapo tumia:

/usr/bin/python3 -m venv --system-site-packages ~/pamoja

Ukishaiwasha, sakinisha torch pamoja na `"numpy<2"`. Njia ndefu ya /usr/bin ni ya makusudi, kwa sababu alama ya `(base)` kwenye terminali inaonyesha kwamba Python inayoitwa ni ya conda, kisakinishi kingine chenye Python yake. Anayependa conda achukue vyote viwili, gnuradio na pytorch, kutoka conda-forge, hazina ya vifurushi vya conda. Nusu apt na nusu conda huishia kwenye makosa ya `GLIBCXX ... not found`.

Jambo moja la data kabla hujafunza chochote: `-g` (kiwango cha ukuzaji) isiyobadilika, tena ile ile kwa kila aina ya mawimbi. Ukuzaji ukijirekebisha wenyewe, modeli huweza kutambua nguvu ya antena yako badala ya mawimbi. Na unapotenga data ya majaribio, tenga rekodi nzima nzima. Vipande vya rekodi moja vikigawanywa pande zote mbili, utaona usahihi wa juu sana ambao hautarudi ukihamisha antena dirisha la pili.