Barua kwa mwanangu: ukiitwa kwenye usaili wa uhariri

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kwenye usaili wa nafasi ya mhariri katika shirika lisilolenga faida, utangulize mapenzi yako kwa kazi ya shirika au ustadi wako wa kuhariri? Mimi nasema ustadi, na mapenzi wayaone humo humo.

Kwamba unapenda kuisaidia jamii, jopo limeshasikia kwa kila aliyekutangulia. Atakayekumbukwa ni yule aliyeisoma ripoti yao ya mwaka mpaka mwisho, akaweza kusema ni wapi msomaji anapotea na yeye angepanyoosha vipi. Liseme kwa adabu, maana aliyeiandika pengine ameketi mbele yako.

Mara nyingi utapewa jaribio la kuhariri. Usikimbilie nukta na mkato. Chukua sentensi kama hii: "Wanawake 200 wamejengewa uwezo." Kisarufi haina kasoro, ndiyo maana wengi huipita. Wewe simama hapo. Walifundishwa nini? Sasa wanafanya nini ambacho zamani hawakukifanya? Jibu si lako kulitunga, kwa hiyo andika swali pembeni, umwachie mwandishi. Anayesahihisha akiliona atajua amepata mhariri. Ukiliziba pengo kwa maneno matamu ya kwako, umeharibu, hata aya ikisomeka vizuri namna gani.

Kisha tazama watu wanavyotajwa. Kanuni za maadili za mwaka 1994 za Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika ya misaada ya maafa ziko 10, na ya mwisho inakuhusu wewe hasa: katika habari na matangazo, waathirika watambuliwe kuwa ni binadamu wenye heshima yao, si vitu vilivyokata tamaa. Basi ukikuta kisa cha mtoto mgonjwa chenye jina lake kamili, picha yake na mahali anapoishi, uliza ridhaa ilitolewa na nani, na kama mzazi alielezwa picha itafika wapi. Hilo usilionee haya, mwanangu, hata kama ukurasa huo ndio wanaoupenda wafadhili.

Zamu yako ya kuuliza ikifika, uliza neno la mwisho juu ya andiko ni la nani: mhariri, meneja wa mradi au mfadhili? Uliza pia kama mshahara unatoka kwenye fedha za mradi mmoja, kwa sababu mradi ukiisha, mara nyingi na mkataba huisha. Kiwango unachokitaka kitaje bila kujishusha. Kazi ya jamii nayo ni kazi.

Nitumie lile tangazo, pamoja na maandiko mawili matatu uliyohariri, yalivyokuwa kabla na yalivyotoka, tuchague ya kwenda nayo.

Mama yako