Viongozi wapya wa seli (vikundi vidogo vya kanisa), kabla hamjatuma aya

Bwana asifiwe. Jumapili pale kwenye chai nilimsikia mmoja wenu akimwagiza dada aliyeokoka juzi aamke saa tisa usiku, aombe saa mbili. Dada huyo hupanda matatu Githurai saa kumi na moja alfajiri. Nilimeza mandazi nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

1. Waliookoka juzi waanzisheni na dakika kumi na tano za kusoma Biblia. Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, nusu mwezi imeisha. Mkiwapa ratiba ya Biblia nzima kwa mwaka (sura 1,189, yaani tatu au nne kila siku), mwisho wa Januari watakuwa Mambo ya Walawi, na hapo ndipo wanapopotelea. Mimi Walawi ilinishinda miaka minne mfululizo.

2. Mtu anayeishi chumba kimoja na watoto watatu msimhubirie chumba cha maombi. Namjua mama anayesoma Zaburi ndani ya matatu, jamu ikikaza Thika Road, na anatushinda sote.

3. Soma kabla hujatuma.

Nilipofanywa kiongozi, kila alfajiri nilituma aya kwenye kundi la WhatsApp. Nilikuwa nazitoa kundi jingine, natanguliza "Bwana amenipa neno hili." Hakunipa. Nilituma nikiwa kitandani, jicho moja limefumba, kisha nikalala tena.

Ndugu mmoja wa seli yetu akaachishwa kazi kiwandani, Industrial Area. Nikamtumia Yeremia 29:11, ile Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani, na kwa ujasiri wa mtu asiyesoma nikaongeza: "Kabla mwezi huu kuisha." Wiki ya pili akaitwa kazi ya ulinzi wa usiku. Akaikataa, eti anangoja ile niliyomtabiria. Mwezi ukaisha, mwenye nyumba akaanza kubisha mlango.

Alikuja kwangu jioni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaomba tuisome sura yote pamoja. Nikaishusha Biblia kutoka juu ya kabati. Zipu ya kava ilikuwa imekwama kwa kutu. Nikaipaka mafuta ya kupikia. Yeye akashika upande huu, mimi ule, tukavuta, hakuna anayesema neno. Ilipofunguka tukakuta kumbe ni barua kwa mateka walioko Babeli, na aya ya kumi, moja tu kabla ya ile yangu, inasema ahadi itatimia baada ya miaka sabini.

Akaniangalia. "Kiongozi, sabini?"

Nilimwomba msamaha. Kodi tuliichangia pale pale kwenye seli. Ile kazi ya ulinzi ilikuwa imeshapata mtu.

4. Daftari. Sentensi moja kwa siku yatosha.

5. Ukikosa siku tatu, usianze kulipa madeni ya sura. Soma ya leo. Mithali zina sura 31, fungua ile ya tarehe uliyopo, uendelee na maisha.

6. Tafuta mtu wa kukuuliza kama umesoma, na asiwe anayekuogopa. Wangu ni ndugu yule yule wa sabini. Hunipigia saa kumi na moja na nusu asubuhi. Jana nilimjibu ukweli: bado. Akakata simu bila kuniaga, akapiga tena baada ya dakika ishirini.