Siku moja Ziwa Como, inatosha?

SWALI: Habari zenu wahariri, mimi na mke wangu tutakuwa Milano, Italia, na tuna siku moja tu ya kutembea, tunataka Ziwa Como, tuone miji ya Como, Varenna, Bellagio na Menaggio, itawezekana?

JIBU: Ndugu yangu, yote minne mtaishia kukimbizana na boti tu. Mji wa Como uacheni safari hii, uko mwisho kabisa wa ziwa na boti ya kawaida toka pale mpaka Bellagio inakula kama masaa mawili. Pandeni treni ya asubuhi Milano Centrale mshuke Varenna-Esino, ndo stesheni ya Varenna, ni kama saa moja hivi, na kaeni upande wa kushoto maana ziwa lote linaonekana huko, raha tupu! Tiketi ya karatasi igongeni kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, faini ipo. Varenna msiipite haraka, bustani ya jumba la kale la Villa Monastero ipo kando ya maji kabisa, kwangu mimi ndo pazuri kuliko hata Bellagio yenye watu kibao. Kuvuka kwa boti kwenda Bellagio ni robo saa tu. Menaggio mkipata muda. Ila ratiba ya boti za jioni iangalieni mapema, zinapungua.