Bei ya kukata miti: kwa nini mafundi wanatofautiana

Ndugu, umeuliza kwa nini fundi mmoja amekutajia bei mara mbili ya mwenzake kwa miti ileile mitatu. Mara nyingi tofauti haiko kwenye msumeno. Mti uliosimama peke yake shambani huangushwa mzima. Ule ulioinamia paa au nyaya za umeme hukatwa vipande kuanzia juu, kila tawi likishushwa kwa kamba, na kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima. Uliooza ndani ni hatari zaidi, kwani si salama kuupanda. Waulize pia: kisiki kitang'olewa? Magogo na matawi ataondoa nani? Tafadhali usikubali bei inayotajwa kwa simu. Kila fundi aje auone mti kwanza.