Wananiambia mtumishi wa Mungu halii

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwinjilisti wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, katika mtaa mmoja mkoani Njombe. Mchungaji wetu, niliyefanya naye kazi tangu nilipotoka chuo cha Biblia, alifariki mwaka jana wakati wa masika. Siku ya mazishi nilikuwa nimelazwa, mguu una hogo, baada ya kuanguka na pikipiki. Sikuuaga mwili, wala sikutupa hata konzi ya udongo. Sasa usharika umejengea kaburi, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu, na baraza la wazee limenipangia kuzungumza. Kila nikishika kalamu nalia. Mzee mmoja ameniambia mtumishi wa Mungu halii, kwa kuwa tuna tumaini la ufufuo. Mama mchungaji, mjane wake, naye ameshahama nyumba ya usharika, naona aibu kumtembelea nikiwa sina la kumwambia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Huyo mzee ameshika nusu ya andiko. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wale wasio na matumaini, hakuwakataza kuhuzunika. Stefano alipouawa, watu wacha Mungu walimzika wakamfanyia maombolezo makubwa, soma Matendo 8:2. Na wazee wa Efeso walimwangukia Paulo shingoni wakalia sana, naye alikuwa mzima kabisa, anakwenda kupanda merikebu tu. Basi lia. Ukikwama mbele ya watu, waombe kwaya waimbe ubeti mmoja, kisha endelea.

Habari ya kukosa mazishi inanigusa zaidi. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana la Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lake lilichimbwa Namirembe, Kampala, jirani na la Askofu James Hannington, mfia imani wa zamani, lakini serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini. Waumini walikuja Namirembe hivyo hivyo, wakaimba, wakasimama kando ya kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Wale nao hawakumtupia udongo mpendwa wao, na nani atasema hawakumwomboleza? Nawe hujamkosea mchungaji wako kwa kulazwa.

Sasa hotuba. Usiandike wasifu. Mwaka aliobarikiwa kuwa mchungaji, vyuo, sharika alizotumika, vyote vilisomwa siku ya mazishi. Na maneno kama "alikuwa mnyenyekevu, mpenda watu" yasemwe na wageni. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane hawakumweleza Petro kwamba marehemu alikuwa mwema. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Wewe una kanzu gani mkononi? Labda alikufundisha kujaza kitabu cha ubatizo bila kufutafuta. Labda siku ya mavuno alinunua mnadani gunia la viazi, akalipitisha kimya kimya kwa bibi asiye na mtu. Chagua jambo moja uliloliona kwa macho, ulieleze taratibu, utaje mahali lilipotokea. Ungamo letu la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 21, linatuambia tuwakumbuke watakatifu ili imani yetu iimarike tukiona walivyopata neema, na tufuate mfano wao kila mtu katika wito wake. Kwa hiyo usimfanye malaika. Kama ulimwona amechoka akaomba, lisemwe nalo.

Kuhusu mama mchungaji nitaongea kama mjane wa mchungaji. Mume wangu alipofariki niliombewa sala ndefu sana. Kisha ikaja siku ya lori. Nyumba ya usharika si yako, mchungaji mpya anahitaji pa kulala, na hiyo ni haki yake. Lakini unaacha bustani uliyoipanda, majirani, hata jina, maana ghafla Mama Mchungaji ni mwingine. Kilichoniumiza kuliko lori ni watu walioogopa kumtaja mume wangu mbele yangu. Wangeongea habari za mvua na bei ya mbolea mpaka waage.

Halafu akaja mwinjilisti wa mtaa wa mbali, akaketi jikoni, akanieleza jinsi mume wangu alivyofika kwao usiku akisukuma baiskeli yenye pancha, akala viazi vya kuchemsha, akalala juu ya magunia, na alfajiri akabatiza watoto. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nililia sana, na jioni ile nilikula nikashiba.

Kwa hiyo nenda mwanangu, tena uende kabla ya ibada. Hakuna neno maalumu linalotakiwa. Mwambie ulichokusudia kukisema, umwulize kama kuna jambo angependa libaki la nyumbani kwake. Angalia na paa linavuja au la, na karo za watoto zimefikia wapi, upeleke taarifa kwa baraza la wazee wakati bado mnapanga shughuli hiyo, ili bajeti isiishie kwenye maturubai na chakula cha wageni.