Ukiachia breki gari bado linavuta kushoto: kagua mpira wa breki

Pole ndugu, umesema gari lako linavuta kushoto hata ukiachia breki, na rimu ya kushoto inakuwa ya moto hadi inachoma. Hiyo ni hatari, usiliendeshe tena. Gari la mbio la miaka ya 1960 nashuku mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu): nje mzima, ndani umevimba, mafuta yanapenya ukikanyaga lakini hayarudi. Langu lilinifanyia hivyohivyo.

Likipoa, inua gurudumu, weka stendi, kanyaga breki kisha achia. Gurudumu likikwama lisizunguke, legeza kiungo cha bomba la chuma na mpira huo. Likifunguka hapo, kagua masta silinda (pampu kuu ya breki). Likigoma, legeza nipo (skrubu ya kutolea hewa) ya kalipa, kifaa kinachobana breki gurudumuni (vaa miwani, mafuta huruka). Likifunguka sasa, mpira umekufa. Badilisha ya pande zote mbili. Likigoma bado, pistoni ya kalipa imeganda. Hiyo mpe fundi wa breki.